Njia Panda Hakuna Mwalimu

Usiku mmoja, wiki moja kabla ya UE, tulikuwa chimbo watu watatu na chupa moja ya chai. Kila mtu na desa lake. Ilipofika saa sita mwenzangu mmoja akasalimu amri, akafunga daftari, akachukua simu na kuanza kusoma katuni. Baada ya muda akanisogezea kioo. "Hebu mwone huyu jamaa. Kauza roho kwa shetani ili ajue kupiga gitaa."

Katuni yenyewe ni ya Mjapani, Akira Hiramoto, na inaitwa Me and the Devil Blues. Inamhusu kijana mweusi, mkulima wa Mississippi kule Marekani, anayetamani kupiga muziki wa bluzi lakini hajui. Anakwenda njia panda usiku. Baada ya hapo, akishika gitaa, vidole vya mkono wake vinaonekana kuongezeka, vimejazana juu ya nyuzi kama miguu ya buibui. Mchoro unatisha na unapendeza kwa wakati mmoja.

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, maana hadithi hii nilishaisikia, tena si zamani. Niliisikia kwenye darasa la Kidato cha Pili.

Nilikuwa TP mwaka jana. Kwenye mkondo niliokuwa nafundisha hesabu kulikuwa na binti mmoja mkimya. Jaribio la wiki ya kwanza alipata 14. Jaribio la wiki ya saba akapata 61. Siku ya kurudisha karatasi nilitegemea makofi. Badala yake darasa likanung'unika, na mvulana mmoja wa dawati la nyuma akasema kwa sauti: "Mwalimu, huyo ana dawa. Bibi yake anazo." Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nikasema "nyamazeni," nikaendelea kugawa karatasi. Hilo tu ndilo nililofanya. Binti akaikunja karatasi yake mara nne, akaisokomeza kwenye soksi.

Nilikuja kujua baadaye, siku ya kuaga, kwamba kila jioni alikuwa anakwenda kwa dada mmoja wa Kidato cha Nne, jirani yao, anakaa naye jikoni wanapiga hesabu mpaka chakula kiive. Wiki saba. Hakuna aliyeuliza, hata mimi mwalimu wake.

Ndiyo maana katuni ile ilinikaa kichwani kuliko desa la siku hiyo. Tangu hapo nimetafuta na kusoma katuni nyingine zinazochora wanamuziki wa bluzi wakiwa jukwaani, na hoja yangu ni moja: wachoraji wengi wanatuchorea mwanamuziki akiwa na shetani, na kwa kufanya hivyo wanafuta watu wawili waliomfanya awe alivyo. Wanamfuta mwalimu wake, na wanawafuta watu waliokuwa wanacheza mbele yake.

Tuanze na mtu mwenyewe. Kijana wa katuni ile ametokana na Robert Johnson, aliyezaliwa Hazlehurst, Mississippi, na kufariki Agosti 1938 akiwa na miaka 27. Alirekodi nyimbo 29 tu, kwa awamu mbili, San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937. Picha zake zinazojulikana hazizidi vidole vya mkono mmoja, na hakuna filamu iliyothibitishwa inayomwonyesha akipiga.

Maana yake ni kwamba kila mchoraji anayemchora Johnson akipiga laivu anabuni. Hana mahali pa kunakili. Yeye ndiye anayeamua taa iko wapi, jasho linatoka wapi, nani yuko chumbani na nani hayupo. Kwa hiyo ukitaka kujua mchoraji anaamini nini kuhusu kipaji, usihangaike na uso wa mpiga gitaa. Angalia amemweka nani pembeni yake.

Wengi wanamweka shetani. Hiramoto kamweka kwenye vidole. Wafaransa Mezzo na J.M. Dupont walitoa mwaka 2014 kitabu cha picha kuhusu maisha ya Johnson, Love in Vain, kwa wino mweusi mzito juu ya karatasi nyeupe. Ni kitabu kizuri mno, sikifichi kwamba nilikirudia mara mbili, lakini hata humo kivuli cha shetani hakikosekani.

Sasa sikiliza waliomfahamu Johnson walisimulia nini. Son House, mwanamuziki aliyemtangulia, alieleza kwamba Robert akiwa kijana alikuwa kero. Wakubwa wakipumzika kidogo yeye anarukia gitaa, na kelele zake zinawafukuza watu. Kisha akatoweka kwa muda. Aliporudi, akaomba kupiga, wakamkubalia kwa shingo upande, na alipoanza wote wakabaki midomo wazi. Hapa ndipo shetani anapoingizwa, katika lile pengo la kutoonekana kwake.

Lakini pengo lile lina maelezo. Johnson alikuwa amerudi upande wa Hazlehurst alikozaliwa, na huko akampata mwalimu, mpiga gitaa aliyeitwa Ike Zimmerman. Familia ya Zimmerman ilisimulia baadaye kwamba kijana yule alikaa kwao, na kwamba usiku wawili wale walikuwa wanakwenda makaburini kufanya mazoezi. Kwa nini makaburini? Kwa sababu kule hakuna mtu wa kumsumbua. Mpiga gitaa anayejifunza ni mtu wa kukosea, na kukosea kwa sauti saa saba za usiku kunaudhi majirani.

Wanachuo wenzangu, hilo ni chimbo. Hakuna neno lingine. Sisi tunakwenda madarasa ya nyuma ambako mlinzi hafiki, Johnson alikuwa na chimbo lake makaburini, na alikuwa na mtu wa kumwelekeza. Alipiga msuli. Na hata ule wimbo wake maarufu wa njia panda, aliourekodi mwaka 1936, haumtaji shetani hata mara moja. Hadithi ya kukutana na shetani njia panda ilisimuliwa kwanza kuhusu mwanamuziki mwingine, Tommy Johnson, na aliyeisimulia ni kaka yake Tommy, LeDell. Majina yanafanana, hadithi ikahamia kwa mwenye jina kubwa zaidi.

Huyo ni wa kwanza kufutwa, mwalimu. Wa pili ni umati.

Katika katuni hizi mpiga gitaa mara nyingi yuko peke yake. Kofia, gitaa, mwezi, mti mkavu. Ukiangalia unaweza kudhani bluzi ilikuwa muziki wa mtu mmoja kulia barabarani. Lakini kule Mississippi miaka ya 1920 na 1930 bluzi ilikuwa kazi ya Jumamosi usiku. Watu wamevuna pamba wiki nzima kwenye shamba la mtu mwingine, na Jumamosi wanataka kucheza. Pa kuchezea palikuwa kibanda cha mbao, nje kidogo ya kijiji, kuna kamari, kuna samaki wa kukaanga, kuna pombe ya kienyeji. Pombe ilikuwa marufuku Marekani nzima kuanzia mwaka 1920 hadi 1933, na jimbo la Mississippi likaendelea kuizuia mpaka mwaka 1966. Kwa hiyo tuseme kwa lugha yetu: palikuwa kilabu, na kinywaji kilikuwa gongo.

Ndani ya kilabu hicho hakuna maikrofoni, hakuna spika. Mpiga gitaa anashindana na kelele za watu waliokunywa. Anapiga mguu sakafuni uwe ngoma. Anaimba kwa sauti ya kukwaruza ili afike mlangoni. Wakicheza vizuri anaurefusha wimbo, wakipoa anabadilisha. Johnny Shines, aliyesafiri na Johnson, alieleza kwamba mwenzake huyo aliweza kusikia wimbo mara moja na kuupiga, na hakuchagua: alipiga nyimbo za redio za wakati ule, hata za Bing Crosby, kwa sababu watu waliziomba na waombaji ndio waliolipa. Hebu nionyeshe katuni inayomchora Robert Johnson akiuliza wateja, "Mnataka upi?" Mimi sijaiona. Na kipaji chake kilikuwa hapo hasa, kwenye kusikiliza watu.

Mchoraji mmoja ameukaribia ukweli huu kuliko wengine niliowasoma, naye ni Mmarekani Robert Crumb. Miaka ya 1980 alichora hadithi fupi iitwayo Patton, kuhusu Charley Patton, mpiga bluzi aliyeishi na kupiga sana kwenye shamba kubwa la pamba la Dockery na maeneo ya jirani, akafariki mwaka 1934. Kwa Crumb kilabu kimejaa. Kuna watu wanaocheza, kuna mwili, kuna joto. Patton mwenyewe alisifika kwa vituko vya jukwaani: gitaa mgongoni, gitaa katikati ya magoti. Vituko hivyo havina maana bila watu wa kuvitazama, na Crumb anajua hilo. Katika hadithi hiyo mwanamuziki ni mfanyakazi, tena mfanyakazi mwenye mambo yake, mgomvi na mpenda wanawake, si mzimu.

Sisemi Crumb ni malaika. Mkono huohuo, miaka ya 1960, ulichora mwanamke mweusi kwa midomo mikubwa na mwili wa kudhalilisha, kwa mtindo wa zamani wa Wamarekani weupe kuwafanyia watu weusi kichekesho. Watetezi wake walisema alikuwa anaukejeli ubaguzi. Mimi nikiangalia michoro ile siioni kejeli, naiona midomo. Lakini ndiyo hivyo, mchoraji mmoja anaweza kukukosea heshima ukurasa huu na kukuona vizuri ukurasa ule, na msomaji inabidi awe macho kwenye kurasa zote mbili.

Tena kuna jambo lililonishangaza zaidi. Mchoro mmoja wa aina ya katuni uliomtangaza Patton ulimficha uso. Mwaka 1929 kampuni ya Paramount, iliyotokana na kiwanda cha viti cha Wisconsin, ilitoa rekodi yake moja bila jina lake. Waliandika "The Masked Marvel," yaani Maajabu Aliyevaa Barakoa, wakachora mtu aliyefunikwa macho, wakawaambia wateja wabahatishe ni nani, na atakayepatia apewe rekodi ya bure. Ilikuwa mbinu ya biashara. Lakini fikiria: mtu ambaye picha yake inayojulikana ni moja tu, mchoro wake wa kibiashara ukawa ni wa kumvika barakoa. Toka mwanzo mchoro ulipenda siri kuliko mtu.

Najua mtu ataniambia: jamani, ni katuni tu, acha watu waburudike. Na kuna anayeweza kuniambia jambo zito zaidi, kwamba hadithi ya njia panda hawakuibuni wachoraji wa Ulaya na Japani. Ni kweli. Ilikuwa ni imani ya watu weusi wa kule wenyewe, na wanamuziki wengine waliitumia kujitangaza. Peetie Wheatstraw alijiita kwenye rekodi zake Mkwe wa Shetani, na aliuza. Hiyo ilikuwa akili yake na biashara yake, siwezi kumnyang'anya.

Ila kuna tofauti kati ya mtu kujipa sifa ya ajabu akiwa hai, akijua anachofanya, na watu wengine kumpa akiwa kaburini, mpaka kazi yake yote ionekane ni mkopo. Wa kwanza anauza rekodi. Wa pili anaporwa.

Na hapa kwetu tunapora kila siku. Kijana akitoa nyimbo tatu zikapendwa, akanunua gari, utasikia ni frimasoni. Hakuna anayeuliza alianza kurekodi lini, alikataliwa na studio ngapi, nani alimfundisha kupumua akiimba. Njia panda zetu nazo zina vyungu na nazi zilizovunjwa, kwa hiyo hadithi ya Mississippi tunaielewa bila kutafsiriwa. Mtaani mfanyabiashara akifanikiwa, ana chuma ulete. Na humu chuoni, mtu akitoka kwenye supp mbili akapata A, sisi wasomi hatusemi dawa. Tunasema kapewa. Akiwa ni msichana tunasema maneno mabaya zaidi, na mnayajua. Kisha tunarudi kwenye semina kujadili nadharia za ujifunzaji.

Mimi nasomea ualimu, na kwenye kozi zetu tunafundishwa kwamba picha ni zana ya kufundishia yenye nguvu, kwamba mtoto anasahau maneno lakini anakumbuka alichokiona. Basi tujiulize mtoto anakumbuka nini akiona vidole vinavyoongezeka. Anakumbuka kwamba anayeweza, anaweza kwa sababu ana kitu ambacho wewe huna. Asiyekuwa nacho atulie. Hilo ndilo somo, hata kama mchoraji hakukusudia, na ndilo somo lililokuwa kichwani mwa yule mvulana wa dawati la nyuma.

Mtu anaweza kusema mazoezi hayachoreki, yanachosha. Si kweli. Wajapani haohao wanachora katuni za michezo ambazo nusu yake ni mazoezi, na watu wanazisoma mpaka asubuhi. Na bluzi yenyewe imekaa kama katuni. Ubeti wake wa kawaida una mstari wa kwanza, kisha mstari uleule unarudiwa, kisha wa tatu unajibu. Hivyo ni visanduku vitatu kamili. Kisanduku cha kwanza kijana anakosea. Cha pili anakosea tena palepale, lakini mkono umehama kidogo na mwalimu ameinamia shingo ya gitaa. Cha tatu anapatia. Msomaji atasikia muziki bila noti hata moja kuchorwa hewani, kwa sababu kurudia ndiyo sauti yenyewe. Ukitaka umati, chora miguu. Miguu ya watu wanaocheza, vumbi la sakafu, mtu mmoja mlangoni ambaye hajaamua kama aingie. Hapo umechora laivu.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwa wachoraji wa jarida hili, na mpo, maana katuni za wahadhiri kwenye magrupu yetu hazijichori zenyewe. Tuchoreeni mtu anayejifunza kitu. Asiwe na mwanga kichwani, asiwe na jini. Awe na mwalimu, awe na usiku, awe na makosa yanayoonekana.

Ombi la pili ni kwetu wote, hasa tunaokwenda kushika chaki. Siku mtoto akitoka 14 akafika 61, swali la kwanza litoke kwetu, tena mbele ya darasa: "Umefanyaje?" Mpe nafasi ajibu. Mimi nilikuwa na nafasi hiyo, nikaitumia kusema "nyamazeni."

Mwezi wa saba narudi TP, shule nyingine. Nimeshaandaa karatasi ya manila yenye visanduku vinne. Kuchora sijui, kichwa cha Robert Johnson kimetoka kama embe dodo, na gitaa lake linafanana na mwiko. Kisanduku cha kwanza wakubwa wanamfukuza. Cha pili yuko makaburini na Ike Zimmerman, taa ya chemli juu ya jiwe, na hiyo taa nimeibuni mimi. Cha tatu yuko kilabuni, watu wanacheza, vumbi limetimka. Vidole nimevihesabu mara mbili: vitano kila mkono.

Kisanduku cha nne nimekiacha wazi. Wanafunzi watachora wenyewe, kila mmoja achore kitu kimoja ambacho zamani hakukiweza na sasa anakiweza, na pembeni amchore aliyemfundisha. Kama kuna atakayemchora dada wa jirani jikoni, na sufuria mekoni, nitakuwa nimejifunza kitu.